Kutoka Ukumbusho hadi Makumbusho: Uhakiki wa Utafiti wa Johannes Fabian juu ya Picha za Tshibumba, kwa Kuzingatia Msomaji wa Kavimvira

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki utafiti wa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, juu ya picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mjini Lubumbashi. Matokeo ya utafiti huo yalitolewa mwaka 1996 katika kitabu kiitwacho Remembering the Present: Painting and Popular History in Zaire. Wanahistoria wa sanaa na wananadharia wa Ulaya na Marekani wamekijadili kitabu hicho kwa kirefu. Katika taaluma ya Kiswahili, hata hivyo, hakijapewa nafasi kinayostahili, ingawa karibu kila neno alilolisema mchoraji kwa mtafiti lilisemwa kwa Kiswahili.

Uhakiki huu unasimama Kavimvira, sehemu ya mji wa Uvira iliyo upande wa mpakani, ambako barabara itokayo Bujumbura kwa njia ya Gatumba inaingia Kongo. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, msomaji wa Kavimvira anazungumza Kiswahili cha Kongo bila ya kuwa mtu wa Katanga. Kwa hiyo anaweza kuyaelewa maneno ya Tshibumba na papo hapo kuyaangalia kwa umbali fulani. Pili, historia iliyochorwa na Tshibumba ni historia ya nchi nzima, na mtu wa Uvira ana haki ya kuuliza kama naye yumo ndani yake. Hoja itakayotetewa ni kwamba nadharia ya Fabian ina nguvu kubwa, lakini inapungukiwa pale pale inapofikia lugha iliyoizaa: kitabu kilichokusudia kumrudishia mchoraji usawa wake kimemwondolea wasikilizaji wake.

2. Mtafiti, mchoraji na picha zenyewe

Fabian alifika Katanga kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960 kuchunguza Jamaa, vuguvugu la kidini lililoenea miongoni mwa wafanyakazi wa migodini. Alirudi kufundisha katika tawi la Lubumbashi la Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kati ya mwaka 1972 na 1974, wakati ambapo mkoa wa Katanga ulikuwa umekwisha kupewa jina la Shaba. Katika kipindi hicho yeye na Ilona Szombati-Fabian walianza kukusanya picha zilizokuwa zikiuzwa mitaani. Mwaka 1976 walichapisha makala yaliyozipanga picha hizo kufuatana na maudhui: mambo ya wahenga, mambo yaliyopita na mambo ya sasa.

Picha zenyewe zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga kilichotandazwa kwenye fremu ya mbao. Hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi, makarani na wafanyabiashara wadogo waliozitundika katika vyumba vya kupokelea wageni. Mgeni alipoketi aliiona picha, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Mojawapo ya zilizopendwa zaidi ni ile iitwayo Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga kwa kiboko, mzungu anasimamia, na pembeni wamo wanawake walioleta chakula. Nyingine ni mamba muntu, kiumbe nusu mwanamke, nusu samaki, anayetoa utajiri kwa masharti mazito. Mchoraji aliirudia picha ile ile mara nyingi kadiri wanunuzi walivyoitaka, na hakuna aliyeona kuwa kurudia huko kunapunguza thamani yake.

Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini humo humo, wakati huo ukiitwa Élisabethville, alikuwa mmoja wa wachoraji hao. Kilichomtenga na wenzake ni dai lake kwamba yeye ni mwanahistoria. Alipokutana na Fabian na kuona kwamba amepata mtu aliye tayari kumsikiliza, alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi yake: kufika kwa Wareno katika ufalme wa Kongo, kifo cha Msiri mwaka 1891, mgomo wa wachimba madini wa mwaka 1941, uhuru wa 1960, kuuawa kwa Lumumba, na utawala wa Mobutu. Aliziwasilisha katika mikutano ya mwaka 1973 na 1974. Kila picha ilifuatana na maelezo ya mdomo, na baada ya maelezo yakafuata mazungumzo. Yote yalinaswa katika kanda.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Kitabu kilipotoka, mwenyewe hakuwapo kukiona. Jambo hili halina budi kukumbukwa katika kila hukumu itolewayo juu ya utafiti huu, kwa maana mmoja wa wasemaji wake wawili hawezi tena kuulizwa.

3. Nadharia: suala la urika

Utafiti wa Fabian hauwezi kutenganishwa na nadharia yake. Tangu mwaka 1971, akichota katika fikra za Habermas na kwa jumla katika nadharia ya uhakiki iliyoanzia Frankfurt, alikuwa akidai kwamba maarifa juu ya jamii nyingine hayaokotwi kama mawe njiani, bali huzaliwa katika mawasiliano kati ya watu wawili wanaosemezana. Mwaka 1983, katika kitabu chake Time and the Other, alilipeleka dai hilo mbele zaidi. Mwanaanthropolojia, alisema, anapokuwa uwanjani anaishi wakati mmoja na wenyeji wake, anakula nao, anabishana nao; lakini arudipo kwao na kushika kalamu, huwaandika kana kwamba wanaishi katika zama nyingine, nyuma yake. Hivyo huwanyima ule wakati walioushiriki pamoja.

Wafasiri wamepata shida kulitia wazo hili katika lugha mbalimbali. Kiswahili kinalo neno lililo tayari, nalo ni rika. Watu wa rika moja hawalingani kwa miaka tu. Wana haki ya kutaniana, kukosoana, na kudaiana. Mdogo hamkosoi mkubwa hadharani, na mkubwa hashindani na mtoto. Ila wa rika moja hupingana bila kuvunjiana heshima. Neno urika likikubaliwa, nadharia ya Fabian yaweza kusemwa kwa kifupi: anthropolojia imewanyima wenyeji urika.

Kitabu cha 1996 ndicho jaribio lake kubwa la kuurudisha. Tshibumba haingii humo kama mtoa habari ambaye maneno yake yanakatwakatwa ili kuthibitisha hoja za msomi. Sehemu ya kwanza ya kitabu ni yake: picha, masimulizi yake, na mazungumzo. Insha za Fabian zinakuja baadaye. Mpangilio huo ni msimamo wa kinadharia, na unastahili sifa. Msomi anakiri kwamba mchoraji naye ana nadharia ya historia, kwamba anafikiri kwa rangi na umbo, na kwamba anachagua. Tshibumba anapokichora kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito pamoja na misalaba mitatu kwa mbali, hasemi kwamba ndivyo ilivyoonekana kwa macho mahali pale. Anatoa hukumu juu ya maana ya kifo hicho, na mtazamaji aliyelelewa katika Ukristo wa Kongo anaisoma hukumu hiyo mara moja.

Lakini urika una upande wa pili. Mwanarika hukosolewa. Fabian, kwa kuogopa kurudia kosa la wale waliomwona Mwafrika kama mwanafunzi wa kusahihishwa, anasita kuyapima masimulizi ya Tshibumba kwa mizani ya masimulizi mengine. Tahadhari hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mtu aliyejiita mwanahistoria aliomba kupimwa kama mwanahistoria. Katika suala la mgomo wa Desemba 1941, ambapo wachimba madini walipigwa risasi mjini Élisabethville, idadi ya waliouawa imebishaniwa kwa miaka mingi kati ya hati za serikali na kumbukumbu za wafanyakazi. Hapo ndipo mchoraji na msomi wangeweza kusimama bega kwa bega na kupingana kwa faida ya wote. Heshima isiyothubutu kupinga inakaribia kuwa namna nyingine ya kumwacha mwenzio peke yake.

4. Ukumbusho si kumbukumbu

Neno kuu katika utafiti huu ni la Kiswahili: ukumbusho. Ndilo walilolitumia wachoraji na wanunuzi wa Shaba kueleza kazi ya picha. Picha nzuri ni ile yenye ukumbusho. Fabian na mwenzake walilitambua uzito wa neno hili tangu 1976 na kulieleza vizuri kuwa ni uwezo wa picha wa kuamsha fikra na masimulizi. Hata hivyo uchambuzi wa kisarufi unaonyesha kwamba bado kuna jambo ambalo halikufikishwa hadi mwisho wake.

Kiswahili kinatofautisha nomino mbili. Kumbukumbu inahusiana na kitenzi kumbuka. Ni kile kilichobaki moyoni mwa mtu, au kilichoandikwa kisisahaulike. Ukumbusho unatokana na kumbusha, yaani kauli ya kutendesha. Mwenye kumbukumbu aweza kuwa peke yake chumbani. Ukumbusho hauwezekani bila ya watu wawili: akumbushaye na akumbushwaye. Zaidi ya hayo, kumbusha kuna harufu ya deni. Mtu humkumbusha mwenziwe ahadi, kodi, au wema aliotendewa. Picha ya Colonie belge ikutanikapo ukutani na macho ya mgeni haisemi tu kwamba wakati wa Wabelgiji watu walipigwa. Inamwambia mgeni: usijifanye umesahau, tena angalia kama kiboko kimekwisha kweli. Katika Zaire ya mwaka 1974, ambapo kumtaja rais kwa ubaya kulikuwa hatari, maana hiyo ya pili haikuhitaji kutamkwa.

Likitazamwa hivyo, jina la kitabu lina kasoro. Linasema juu ya kuukumbuka wakati uliopo, yaani linamweka mchoraji katika nafasi ya mtu akumbukaye. Tshibumba hakuwa akikumbuka, alikuwa akikumbusha. Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao, kwa kuwa inamtaja mtu wa tatu ambaye katika kitabu hana kiti: yule akumbushwaye. Ni nani alikumbushwa na picha hizi zipatazo 100? Picha zilizouzwa mitaani zilikumbusha majirani. Mfululizo mzima ulichorwa kwa ajili ya msomi mgeni aliyeulipia, na bila fedha zake na hamu yake usingekuwapo. Fabian hafichi jambo hilo, na unyofu wake unapaswa kutambuliwa. Lakini matokeo yake ni kwamba historia ndefu kuliko zote iliyowahi kusimuliwa na mchoraji huyo ilisikilizwa na watu wachache, kisha ikasafirishwa. Picha hizo zilihifadhiwa baadaye katika Tropenmuseum, Amsterdam.

Kiswahili kinaiita nyumba ya namna hiyo makumbusho. Mzizi ni ule ule, na kauli ni ile ile ya kutendesha. Lugha inaonekana kuamini kwamba nyumba hiyo nayo ina wajibu wa kumkumbusha mtu. Safari ya picha za Tshibumba kutoka ukumbusho hadi makumbusho ingekuwa halali kama akumbushwaye angefuatana nazo. Katika hali ilivyo, deni linasomwa mbele ya watu wasiodaiwa, au mbele ya wanaodaiwa deni jingine kabisa: Waholanzi na Wabelgiji wanaozitazama ukutani wanakumbushwa ukoloni, na hilo ni jema, lakini mtu wa Lubumbashi au wa Uvira hayupo kuliuliza swali lake la pili juu ya kiboko.

5. Lugha tatu, kitabu kimoja

Katika kazi ya Tshibumba mnakutana lugha tatu. Maandishi aliyoyatia juu ya picha kwa kawaida ni ya Kifaransa. Maelezo yake ni ya Kiswahili. Kitabu ni cha Kiingereza. Mgawanyo wa lugha mbili za kwanza ni wa kawaida kwa kila anayeijua Kongo: Kifaransa kinaandikwa kwa sababu ndicho cha serikali, cha shule na cha mhuri, Kiswahili kinasemwa kwa sababu ndicho kinachoeleweka. Mpita njia wa Kavimvira anauona mpango huo kila siku katika vibao vya maduka: jina ni la Kifaransa, bei inapatanwa kwa Kiswahili. Tshibumba alipoandika tarehe na jina la tukio kwa Kifaransa alikuwa akiipa picha yake mhuri. Aliposema kwa Kiswahili alikuwa akiifungua.

Lugha ya tatu ndiyo yenye matata. Katika kitabu cha 1996 maneno ya Tshibumba yanasomwa kwa tafsiri, na Kiswahili kinajitokeza kwa vipande tu. Isingelazimu kuwa hivyo. Mwaka 1990 Fabian mwenyewe, akisaidiwa na Kalundi Mango, alihariri Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, historia iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Toleo hilo lilionyesha matini ya asili, matini iliyoandikwa upya kwa kufuata matamshi, tafsiri, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Ni toleo la mfano. Kwa upande wa Tshibumba, matini ya Kiswahili ya mazungumzo yalitolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika hifadhi ya matini iliyoanzishwa Amsterdam na kuwekwa kwenye intaneti. Tendo hilo linapunguza lawama kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo linaacha mgawanyo usiopendeza: picha na hoja ziko katika kitabu, sauti iko mahali pengine.

Aidha, msomaji wa Kiswahili Sanifu anaweza kudhani kwamba Kiswahili cha Shaba ni Kiswahili kilichoharibika. Fabian amefanya kazi kubwa kuupinga mtazamo huo. Katika Language and Colonial Power, kilichochapishwa mwaka 1986, alionyesha jinsi mamlaka ya kikoloni na kampuni za madini zilivyoishika lugha hiyo na kuitumia kama chombo cha kazi na amri, hasa ili kuondoa athari za lugha zilizotoka kusini pamoja na wafanyakazi wa Rhodesia. Uthibitisho wenye nguvu zaidi kwamba chombo hicho kiliwaponyoka waliokishika ni Tshibumba: lugha iliyofunzwa ili watu wapokee amri ilifika mahali pa kuihukumu historia ya waliotoa amri.

6. Yaonekanayo kutoka Kavimvira

Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika Kiswahili kina asili nyingine. Kilifika katika karne ya 19 kwa mitumbwi na misafara iliyotoka Ujiji, kabla ya kampuni yoyote ya madini. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858, walipita njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuitumia. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia, na lugha iliyobaki ufukoni ilibeba kumbukumbu zote mbili. Kwa hiyo nadharia inayoeleza Kiswahili cha Kongo kwa kuanzia migodini haitoshi huku. Fabian aliandika juu ya Shaba na hakudai zaidi. Ni wafuasi wake wanaopaswa kuonywa wasiifanye Lubumbashi kuwa Kongo nzima.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu historia iliyochorwa. Kitovu cha masimulizi ya Tshibumba ni Katanga, Kasai na njia ya mateso ya Lumumba. Mzee wa Uvira ana tarehe zake. Tarehe 15 Mei 1964 mji uliangukia mikononi mwa wapiganaji waliokuja kujulikana kama Simba, waliotumwa na uongozi wa Soumialot uliokuwa umejipanga Bujumbura. Vijana walipita katika bonde la Rusizi wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kupiga kambi katika milima ya Fizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: historia ya maasi hayo, pamoja na machungu ya familia zilizogawanyika, inahitaji mchoraji wake wa huku, au angalau mzee wa kuketi mbele ya picha za Tshibumba na kusema, hapa ni sawa, hapa sivyo.

Kuna sadfa moja isiyoepukika. Kitabu chenye neno Zaire katika jina lake kilitoka mwaka 1996. Mnamo Oktoba mwaka huo huo Uvira ilitekwa, katika siku za mwanzo za vita vilivyomwondoa Mobutu. Ilipofika Mei 1997 Zaire haikuwapo tena. Wakati uliopo ambao kitabu kilitaka kuukumbuka ulikuwa ukibomoka wakati kurasa zake zikifungwa. Waliokimbia kupitia Kavimvira katika miaka hiyo, na katika miaka mingi iliyofuata, waliondoka na walichoweza kukibeba kichwani, na picha ya ukutani si kitu cha kwanza kuokolewa. Ndipo linapoonekana jambo linalowatetea watafiti wa namna ya Fabian: kilichosafirishwa kimesalia. Uhakiki wa haki hauna budi kuyashika mambo mawili kwa pamoja. Picha zingebaki, huenda zingepotea. Zilipoondoka, ziliwapoteza wenyewe.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba utafiti wa Johannes Fabian ulifanya jambo ambalo wachache walilithubutu: ulimsikiliza mchoraji wa mtaani kama mwananadharia, ukampa nafasi ya kwanza katika kitabu, na ukaacha kanda zake zipatikane. Imeonyeshwa pia kwamba urika uliorudishwa haukukamilika, kwa kuwa ulikwepa kukosoana. Kwamba neno ukumbusho lilielezwa vizuri lakini kauli yake ya kutendesha haikufuatwa hadi kwa mtu akumbushwaye. Na kwamba Kiswahili kiliwekwa kando katika toleo ambalo bila hicho lisingezaliwa.

Linalobaki ni kazi, na kazi hiyo ni ya wanataaluma wa Kiswahili kuliko ya mtu mwingine yeyote. Matini yapo. Panahitajika toleo la Kiswahili lenye picha za Tshibumba na maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na sherehe itakayomwezesha msomaji wa Kigoma, wa Mombasa na wa Kavimvira kuzisoma bila ya kupitia Kiingereza. Toleo hilo likifika katika chumba cha wageni kimoja tu mjini Uvira, mgeni akaliona, akauliza, na mwenye nyumba akabisha, picha zitakuwa zimerudia kazi ambayo zilichorewa.